Kasuku Alipofunga Mdomo

Walimwita Kasuku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Hata usingizini alikuwa na neno. Kwa hiyo asubuhi ile alipofunga mdomo mbele ya uji, mama yake aliona ni jeuri tu ya miaka minne. Alimbembeleza, akamkaripia, mwisho akalazimisha kijiko. Kasuku akaking'ata, midomo ikamvutika pembeni.

"Unanicheka?" Mama akamtandika kofi la shavu.

Hadi jioni mdomo haukufunguka, wakampeleka hospitalini. Huko mama, kichanga chake mgongoni, hakuhisi kitu. Alimtazama daktari akipenyeza kijiti hadi kooni. Mtoto mwingine angetaka kutapika. Kasuku alikibana kwa meno, hakikutoka.

"Kijiko nacho alikifanya hivihivi," mama akasema, kama anayemzungumzia mtoto wa jirani.

"Si kusudi, mama. Taya zimekaza. Aliumia wapi?"

"Alikanyaga msumari kwenye karakana ya baba yake. Kidonda kilishafunga."

"Chanjo je?"

Baba, seremala aliyejulikana kwa kelele kuliko kwa meza zake, akatazama sakafu. Ndiye aliyejigamba kwamba sindano ni za wagonjwa, wanawe wana damu ya chuma. Haya, msumari nao ni wa chuma. Mama naye alicheka siku hiyo, akashukuru kuepuka foleni.

"Hajachanjwa," baba akasema.

"Basi ni pepopunda. Kidonda hufunga juu, sumu ikabaki mwilini. Mlango ukibamizwa tu, atakakamaa. Na msidhani amezimia, anasikia kila kitu. Tutajitahidi, lakini siwaahidi."

Kasuku akalazwa kwenye chumba chenye giza. Baba akavua viatu mlangoni, akanyata. Mahali fulani ndoo ikaanguka. Mgongo wa mtoto ukapinda kama upinde, na lile tabasamu lisilo tabasamu likarudi. Mama alingoja machozi, hayakuja.

Muuguzi akamgusa bega. "Na huyu wa mgongoni?"

"Naye hajachanjwa."

Wakaenda chumba cha mbali, sauti isifike. Mama akafungua mbeleko, yeye mwenyewe akalishika paja la kitinda mimba wake. Sindano ilipoingia, mtoto akaangua kilio, kinywa wazi hadi koo likaonekana.

"Pole, mwanangu, pole," muuguzi akamwambia mtoto. "Mama, mnyonyeshe anyamaze."

"Mwache," mama akasema, macho kwenye ule mdomo. "Mwache kwanza apanue."

Na hapo ndipo alipolia.