Lenzi Iliyoombewa

Jumamosi, tarehe 16 Juni 2007. Asubuhi hiyo Muscat ilikuwa na joto la mvuke, na jua lilionekana hafifu nyuma ya vumbi. Tope lililoachwa na kimbunga mwanzoni mwa mwezi lilikuwa limekauka, na kila gari lililopita mbele ya karakana za mtaa wa Ghala lilirusha unga wa kijivu uliotua juu ya kila kitu.

Omondi alifunga mlango wa karakana, akazima feni, akanawa mikono, kisha akafungua sanduku la lenzi. Kwanza aliipulizia hewa kwa kipira, ili chembe za mchanga zitoke zenyewe. Halafu akapitisha brashi laini, na mwisho kitambaa, kuanzia katikati kwenda pembeni. Mtu akifuta kabla ya kupuliza anaisugua lenzi kwa mchanga. Mbele ya lenzi Omondi alikuwa amefunga kioo chembamba cha kinga, ili kama kuna kitu cha kukwaruzwa, kikwaruzwe hicho.

Kioo cha kinga kilikuwa safi. Mkwaruzo ulikuwa nyuma yake, kwenye lenzi yenyewe: mstari mfupi uliopinda mwishoni, mahali ambapo mchanga usingeweza kufika.

Lenzi hiyo ilikuwa ya kamera iliyofungwa tumboni mwa helikopta ndogo isiyo na rubani, iliyoongozwa kwa rimoti. Mwenyewe alikuwa Yaqoob, ambaye wazazi wake walimleta Oman kutoka Unguja akiwa mdogo. Kampuni moja ya wahandisi ilimpa kazi ya kupiga picha kutoka angani za nyumba na barabara zilizobomolewa na maji. Lenzi ya kwanza iliharibiwa na mchanga. Hii ilikuwa ya pili, kutoka Ujerumani, na wahandisi walikuwa wamesema hawatasubiri ya tatu.

Wafanyakazi wake walikuwa Wakenya. Omondi aliitunza kamera, Tony aliirusha helikopta, na Pauline alipika na kusafisha. Walipofika walimshukuru Mungu kwa kupata mwajiri anayesema Kiswahili, na kwa sababu hiyo hawakuuliza mengi. Pasi zao za kusafiria zilikuwa ndani ya kabati lake. Yaqoob alikuwa mtu wa kuswali kwa wakati, na alikuwa akipiga watu. Alipiga kwa bawa la helikopta lililovunjika, moja ya yale yanayozunguka juu, jepesi na gumu. Alipokuwa akipiga hakupaza sauti.

Siku iliyotangulia, Ijumaa, Wakenya walikusanyika kusali katika chumba cha Pauline, mtaa wa Ghubra. Ilikuwa desturi yao kuviombea vitu vya kazi: funguo za teksi, sindano za cherehani, vyeti. Omondi alileta lenzi ndani ya leso safi, kwa kuwa Yaqoob alikuwa amemwambia kwamba ikipata alama, na yeye atapata. Pauline hakuigusa kwa mafuta, maana Omondi alimkataza. Aliweka tone la mafuta ya upako kwenye sanduku, akainua mikono.

"Baba," aliomba, "ilinde lenzi hii kama unavyotulinda sisi."

Watu wakasema amina. Jioni ile Yaqoob alipita karakana, akakuta helikopta haijaoshwa, akampiga Tony kidevuni kwa ncha ya lile bawa.

Kwa hiyo Jumamosi Omondi alipompelekea Yaqoob lenzi na kumwonyesha mkwaruzo, Yaqoob aliiweka mezani juu ya kitambaa, akamwambia avue shati. Omondi alivua. Yaqoob akampiga mgongoni, kisha mabegani, na Omondi alipojikunyata akampiga kwenye mbavu. Damu ilirukia kalenda ya ukutani.

Pauline aliingia na chai. Alitafuta pa kuweka sinia, akaiona lenzi.

"Bosi," alisema, "hebu angalia hapa mezani. Lenzi inaendelea kukwaruzika."

Yaqoob alisimama. Akageuka nusu, jicho moja kwa Omondi na jingine kwa lenzi, akapiga pigo dogo begani. Mstari mdogo ulijichora ukingoni mwa lenzi, taratibu, kama mtu anayepita na pini.

"Naam," alisema Yaqoob.

Akamwita Tony. Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama kidevu cha Tony, akatazama lenzi, akarudi kwenye kidevu. Jeraha lilikuwa fupi na limepinda mwishoni.

"Ndio wenyewe," alisema. "Nyie mmeifanya nini lenzi yangu?"

"Tuliiombea," Pauline alijibu.

"Mliomba maneno gani?"

"Tulimwomba Mungu ailinde kama anavyotulinda sisi."

Yaqoob alifikiri kidogo. "Basi ameilinda hivyo hivyo," alisema. Akalegeza mkono, akaliweka bawa nyuma ya mlango, akaketi kunywa chai. Omondi akavaa shati.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo Yaqoob hakumpiga mtu. Majeraha ya Omondi yalipofunga, mikwaruzo ya mgongoni nayo ilififia kwenye lenzi mmoja baada ya mwingine. Ule wa Tony ulibaki, kwa sababu kidevu kilibaki na kovu. Ulionekana katika kila picha kama mstari mweupe ardhini. Wahandisi walidhani ni mkondo wa maji, wakachora karavati la kupitishia maji chini ya barabara juu yake. Yaqoob alipowapigia simu kuwaeleza kwamba pale hapapiti maji, kwamba ni kidevu cha mfanyakazi wake, walimjibu kuwa michoro imeshapitishwa. Karavati likajengwa kwenye uwanja mkavu.

"Kwetu Ugenya tunavuka mto na viatu mkononi," Tony alisema walipopita hapo kwa gari. "Kidevu changu kimepata daraja."

"Ungeonyesha na mgongo," Omondi alisema, "tungepata barabara kuu."

Walicheka hadi Pauline akawakemea, naye akiwa anacheka.

Yaqoob hakuwa na raha. Alipiga ngumi meza, mlango wa gari, ukuta wa choo, hadi mkono wake ukavimba. Lenzi haikuonyesha kitu. Mama yake, Bi Nunu, mwanamke mpole aliyewapelekea wafanyakazi mkate wa kumimina kila wiki, alimwambia Pauline kwamba mwanawe halali.

"Nna wasiwasi naye," alisema. "Tangu utotoni huyu mkono wake una moto. Akiuzuia unamla mwenyewe."

"Mama, tunamwombea," Pauline alisema, na ilikuwa kweli. Kila usiku alimtaja Yaqoob kwa jina.

Mwezi wa Agosti walikwenda Sidab kupiga picha za nyumba zilizo karibu na maji. Tony alikuwa akiishusha helikopta pale upepo ulipogeuka ghafla na kuinua mchanga. Omondi alijua mchanga ule utaigonga lenzi. Alikimbia akaingia chini ya helikopta, akatanua shati lake kwa mikono miwili ili likinge. Kutoka aliposimama Yaqoob, ilionekana kama Omondi ndiye aliyetimua mchanga kwa miguu. Yaqoob alilitoa lile bawa, ambalo alikuwa amelirudisha kwenye gari, na kwenda kwa hatua za kawaida. Alimpiga Omondi usoni kwa ukingo wake, mara moja, na ukingo ukaingia kwenye jicho la kulia.

Juu ya vichwa vyao lenzi ilipasuka, na mlio wake ulisikika kupita injini. Kwenye skrini ya Tony kijiji cha Sidab kiligawanyika vipande viwili, na katikati pakatokea doa jeupe. Omondi alipiga magoti, kiganja usoni, na kitu chepesi kama ute wa yai kikamtoka katikati ya vidole pamoja na damu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alileta beseni la maji, akaliweka karibu naye, akarudi kwenye kamba yake.

Yaqoob alitazama skrini. "Nilisahau," alisema.

Lenzi ilipelekwa Ruwi mchana ule ule kwa fundi wa vioo. Omondi alipelekwa hospitali wakati wa magharibi. Fundi alisema lenzi haitengenezeki. Daktari alisema jicho halitaona.

Wahandisi waliitaka kazi iliyobaki iishe ndani ya wiki, la sivyo wampe mtu mwingine. Siku ya pili yake Yaqoob alifika katika chumba cha Pauline, Ghubra, akiwa na Bi Nunu na lile sanduku. Omondi alikuwa amelala kwenye mkeka, jicho limefungwa bendeji. Tony alikuwa akimpa uji.

"Mwanangu Pauline," Bi Nunu alisema baada ya salamu, "nimekuja kukuomba. Mtoto huyu ndiye pekee nliye naye, na kazi hii ndiyo iliyomsimamisha. Iondoe ile dua."

"Omba upya," Yaqoob alisema. "Omba lenzi ilindwe peke yake. Khalas, basi."

Omondi aliinuka kwenye kiwiko. "Sista, usikubali. Hiyo lenzi ndiyo inamshika mkono. Ukiitoa, tumebaki na nini?"

"Na hivi sasa inanishika nini?" Yaqoob alimuuliza. Alisema kwa upole, kama anayemfafanulia hesabu. "Imeshapasuka. Mtu akiwa na gari zima hujihadhari lisichubuke. Likishapinduka je?"

Akamchukua Tony mkono kama anayesalimia, akakishika kidole kidogo, akakikunja nyuma hadi kikavunjika. Bakuli la uji lilianguka. Tony alitoa sauti fupi kama ya kikohozi. Yaqoob alifungua sanduku akawaonyesha: pembeni ya ule ufa mkubwa kulikuwa na mstari mpya.

"Unaona, Pauline? Sina tena cha kuchunga. Vimebaki tisa."

Pauline aliutazama mkono wa Tony, kisha uso wa Omondi. Alijua Omondi amesema kweli, na alijua kuwa Yaqoob naye amesema kweli. Alimtazama Bi Nunu, aliyekuwa akifuta uji sakafuni kwa ukingo wa mtandio wake.

"Nitaomba," alisema. "Lakini uahidi, bosi. Mbele ya mama yako na mbele yetu, uahidi kwamba hutampiga mtu tena."

"Omba kwanza. Ahadi nitatoa."

"Sista," Omondi alisema.

"Nyamaza, ndugu yangu. Ana vidole vya mwenzio mkononi."

Pauline alipiga magoti. Midomo yake ilitikisika, na waliokuwa karibu walisikia akiomba msamaha kabla ya kuomba kitu. Kisha akasema kwa sauti, ili aliyemwamuru asikie:

"Baba, ilinde lenzi hii. Peke yake."

Hakuna aliyesema amina. Ufa ulianza kufunga kutoka ncha zote mbili, ukakutana katikati. Doa jeupe liliyeyuka. Mikwaruzo midogo ilipotea, na mwisho kovu la Tony, lile la karavati, likainuka juu ya lenzi kama utando wa maziwa na kutoweka. Omondi alinyosha mkono akaichukua. Kwa mazoea aliipulizia kwanza, halafu akaielekeza dirishani na kuitazama kwa jicho lililobaki.

"Ni safi," alisema, akamrudishia Yaqoob.

Chini ya bendeji jicho lake lilikuwa vile vile. Kidole cha Tony kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Ahadi," Pauline alisema, akiwa bado amepiga magoti.

Yaqoob alisimama. Alikuwa mtu asiyependa kuapa ovyo, na uso wake ulionyesha kwamba amelichukua jambo hilo kwa uzito. Alipokuwa anafungua kinywa, Bi Nunu alimshika mkono wa kanzu.

"Yaqoob, yamini ya uongo siitaki mimi," alisema. "Utatuletea balaa nyumbani. Jambo usiloliweza usiliapie. Apa lile unaloliweza."

Yaqoob alimwitikia mama yake kwa kichwa. Alimtazama Pauline, akamtazama Tony, akamtazama Omondi kwenye mkeka. Akaweka lenzi ndani ya sanduku, juu ya pamba, akafunga kifuniko, akaweka kiganja cha mkono wa kulia kifuani.

"Wallahi," alisema, "mbele ya mama yangu, na mbele yenu nyote, na nyinyi ni mashahidi: lenzi hii haitapata mkwaruzo tena."