Pingamizi Moja Linatosha

Katika Jumuiya ile nchi moja ikisema hapana, jambo limekufa. Kabla ya uamuzi wowote mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye pingamizi, kisha ukumbi mzima hunyamaza. Ukimya ukipita, wote wamekubali. Kwa utaratibu huo majirani wanaochota maji ya ziwa moja waliwahi kubishana siku nzima juu ya rangi ya mashua za doria, jamani, rangi!

Lakini meli ya abiria ilipozama ziwani hawakubishana. Wapiga mbizi wa kila nchi waliingia maji ya mwenzao bila kuulizwa pasi. Abiria walipatikana, wakazikwa. Aliyebaki ziwani ni mmoja tu, fundi wa injini, mdogo wa mkalimani wa Jumuiya. Na leo ajenda ilikuwa kusitisha utafutaji.

Mkalimani alikaa kwenye kibanda chake cha vioo, hedifoni masikioni, roho juu. Mama yao alikuwa amekataza watu wasilie nyumbani kwake mpaka amwone mwanawe. Mkalimani mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kusema neno lake ukumbini. Kibandani husemi "mjumbe amesema". Unasema "mimi", na huyo mimi ni mtu mwingine. Ndiyo maana asubuhi alimvizia koridoni mjumbe mnene waliyembandika jina la Bwana Hapana, kwa kuwa hukataa hata ratiba ya chai.

"Mzee wangu, leo kataa," alimwomba. "Hata kwa ubishi tu."

"Mwanangu, mimi na kukataa tumezaliwa pamoja," mzee akacheka. "Kaa kwa amani."

Mwenyekiti akauliza. Ukumbi ukanyamaza. Taa nyekundu ikawaka kwenye kipaza sauti cha Bwana Hapana, midomo yake ikaanza kucheza, na mkalimani akajiweka tayari, furaha imemjaa kifuani. Sauti iliyoingia masikioni haikuwa ya mzee. Ilikuwa changa, imekwaruzwa na moshi wa dizeli, na aliijua tangu ilipokuwa ikijifunza kusema.

"Sina pingamizi," ilisema.

"Sina pingamizi," mkalimani akatafsiri, maana kibandani mdomo hufuata sikio kabla akili haijafika.

Nyundo ikagonga. Bwana Hapana akaruka kitini akipunga mikono. Mwenzake wa kibandani, aliyekuwa kando akingoja zamu, akamshika mkalimani bega.

"We vipi? Amesema anapinga! Nimemsikia mwenyewe!"

Minong'ono ikatanda. Mwenyekiti akainua uso kuelekea kwenye vioo.

"Mkalimani, tusaidie. Mjumbe anapinga au hapingi?"

"Dada," sauti ikaja tena, karibu zaidi. "Inatosha. Kila siku wananichokonoa kwenye tope, matochi yao machoni. Sijalala tangu tuzame. Na wewe ndiye unayewaleta."

Angesema hapingi, mambo yangeishia hapo. Mzee angefoka, lakini nani angemsikiliza mtu anayebishia hata chai? Mdogo wake angelala. Ila alimtaka, huo ndio ukweli. Alimtaka hata mfupa, hata kiatu kimoja cha kumpelekea mama.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema. "Kosa ni langu. Mjumbe anapinga."

"Basi utafutaji unaendelea."

Wachache walipiga makofi. Bwana Hapana akageuka, akampungia mkono kwa tabasamu la mtu aliyetimiza ahadi.

Masikioni mwake mdogo wake akaanza kulia, kilio kile cha utotoni, alipokuwa akiamshwa kwa nguvu na usingizi bado haujamwisha. Mkalimani alipunguza sauti mpaka mwisho wa kitufe. Kilio hakikupungua. Mwenyekiti alikuwa ameshahamia ushuru wa samaki wakavu, na yeye akatafsiri ushuru huo neno kwa neno, akijua kwamba kesho wapiga mbizi watashuka tena.