Jina Alilobandikwa Mezani

Usingizi unamchukua Hatibu alasiri, kichwa juu ya ramani aliyoichora mwenyewe, kati ya dadu na vikombe vya chai iliyopoa, na kabla hajajua kama amelala, miguu yake inakanyaga njia ya misafara, njia isiyo na mwisho. Wiki nzima moyo wake haujatulia, maana Mwasiti, rafiki yake tangu chekechea, aliondoka mezani analia. Katika mchezo wao wa kuigiza, unaochezwa mezani kwa dadu na ramani, alikuwa mtumwa aitwaye Subilaga, jina la mama mzazi wa bibi yake, na Hatibu, anayeuongoza mchezo na kujigamba kwamba kwake historia hairembwi, akajifanya tajiri, akambandika jina jipya kama walivyofanya matajiri wa zamani: Faida. Wenzao wakacheka, wakamwita hivyo mpaka mwisho. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Na aliyecheka zaidi ni yeye Hatibu, mpumbavu.

Njia inajikunja, inakuwa mji, na ng'ambo yake upo mji uleule umegeuzwa, na katika yote miwili kila tajiri aliyeketi barazani anatukana kwa sauti ya Hatibu. Kiongozi asiye na uso anamshika mkono. Namtafuta Mwasiti, anasema Hatibu, nimwombe radhi. Aisifuye mvua imemnyea, kiongozi anamjibu, wewe ilikunyea wapi? Lakini mimi nimesoma, niliyasema yaliyosemwa kweli! Ya aliyeketi kitini uliyasema. Ya aliyekaa chini uliyauliza?  Kurasa arobaini za mchezo Hatibu aliandika, na mtumwa hakupata hata mstari mmoja. Anatamani ardhi immeze.

Msafara unapita, na Mwasiti yumo, mzigo kichwani. Hatibu anakimbia amwite kwa jina alilokuja nalo mezani, na jina halipo, anatafuta, anatafuta, linamtoka lile moja tu. Faida! Mwasiti anageuka. Labeka, bwana, anaitika kwa adabu, macho chini, kana kwamba hawajawahi kujuana, kisha anafuata wenzake.

Hatibu anaamka, shavu limelowa, ramani imelowa. Mwasiti amesimama mlangoni. Hatibu, nimekuja tuyamalize, anasema, mbona ulikuwa unaita? Hatibu anataka kumjibu, anataka sana, lakini hajui ameamkia upande upi, na anaogopa kufungua kinywa, asije akaitikiwa labeka.