Sinia Linalompita Shangazi

Kanisa letu la Kibaptisti lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na mimi, fundi cherehani, nilipewa kazi ya kusimulia historia yake siku ya sherehe. Walinichagua kwa sababu nina mdomo. Mwenyekiti wa mashemasi, ambaye akigeuka tu tunamwita Bwana Utaratibu, alinionya mapema.

"Dada, dakika chache tu. Mchungaji wa kwanza, ujenzi, kwaya, basi. Usianze kufukua mambo."

Mimi ukinikataza kufukua umeshanipa jembe.

Nilianza na lile lililonikera tangu utotoni. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye mshonaji wa majoho ya ubatizo. Sisi tunamzamisha mtu mzima mzima kwenye birika lililo chini ya jukwaa, na joho la kawaida likiingia majini hupanda juu na kumwacha mwenyewe mapaja nje mbele ya umati. Shangazi hushonea vipande vya chuma kwenye pindo ili litulie. Kila aliyebatizwa pale ameshuka majini na kazi ya mikono yake. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana, yaani ushirika mtakatifu, sinia la vikombe vya divai likifika kwake, humpa jirani bila kugusa kitu. Watu walisema amesusa, ana kiburi. Mama yangu hakuwahi kusema lolote.

Nikamfuata dukani kwake, nikamkuta anapiga pasi.

"Shangazi, kwa nini hushiriki Meza?"

"Nilitengwa," alijibu, kama mtu aliyeulizwa bei ya uzi. "Hujazaliwa wewe. Mchungaji wa kwanza alikuwa akiwaita wasichana wa kwaya ofisini, mmoja mmoja, eti kupima majoho. Sasa kupima majoho ni kazi yangu, yeye anapima nini? Nikasimama kikaoni nikayasema. Akaulizwa msichana mmoja, akasema hakuna kitu. Nikaonekana mzushi. Wakapiga kura nitengwe na Meza mpaka kikao kijacho."

"Na kikao kijacho?"

"Mchungaji alikuwa ameshahama ghafla. Wakagombana nani aje badala yake. Mimi nikasahaulika, au wakaona bora wanisahau."

"Msichana gani huyo?"

"Pasi inapoa, mwanangu. Nipishe."

Kwetu hakuna askofu. Washirika ndio huamua, kwa kunyoosha mikono. Mchungaji wetu wa sasa, kijana mwenye moyo mzuri, alipopata habari alikwenda kumwambia yamepita, aje ashiriki tu. Shangazi akamkatalia. "Nilitolewa kwa mikono, baba. Nitarudi kwa mikono." Daktari alishamwambia moyo wake umechoka. Alichokuwa akitaka ni kimoja, kuketi Mezani na wenzake kabla hajafa.

Nyumbani nilimkuta mama akipika huku akiimba. Mama ana sauti ya kukufanya usahau njaa, ila tangu nipate akili sijamwona kwenye kwaya, na nikimuuliza huniambia kifua kinambana. Nilipomweleza ya shangazi, wimbo ukakatika.

"Yaache hayo. Ya zamani."

"Na wewe ulikuwepo, mama. Ulinyoosha mkono?"

Alifunika sufuria polepole. "Nilinyoosha."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakanichoma. Huyu ni wifi yake! Aliyenilea, aliyenifundisha kushika sindano! Nilimnunia mama wiki nzima. Nikipewa chai nilikunywa, asante sikutoa.

Jumapili ya Meza ilipofika, wageni waliombwa kutoka, tukabaki washirika. Mchungaji alileta hoja kwamba shangazi arudishwe. Bwana Utaratibu akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hatuna ubaya na mama yetu. Lakini alitengwa kwa kumsingizia mtumishi wa Mungu, ambaye picha yake ile pale ukutani. Utaratibu ni kwamba aombe radhi kwanza. Neno moja tu, tumalize, tufanye sherehe yetu kwa amani."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo rahisi, na wote tulipenda rahisi. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta namwomba shangazi kimoyomoyo aliseme hilo neno yaishe.

Shangazi alikuwa ameketi mahali pake, mkoba mapajani. "Siombi radhi kwa jambo la kweli," alisema.

"Basi hoja haina—"

Mama, aliyekuwa kando yangu, aliinuka. Alishika benchi la mbele kwa mikono yote miwili.

"Msichana aliyeulizwa ni mimi."

Watu wakageuka kumtazama.

"Mchungaji yule alikuwa amekaa pale mbele ananitazama. Niliogopa. Nikasema hakuna kitu, na kura ilipoitwa nikanyoosha mkono pamoja nanyi. Wifi yangu alisema kweli. Alijua ni mimi, nikaja kuolewa na kaka yake, na hakunitaja hata siku moja."

Nilitaka kumshika gauni kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, lakini mkono haukwenda. Wiki nzima nilikuwa nimemnunia mtu huyu.

Bwana Utaratibu aliita kura kwa sauti ndogo. Mikono ilinyooka, ya vijana haraka, ya wazee kwa shida. Wawili watatu walibaki wakitazama viatu vyao. Ilitosha.

Kisha Meza ikaandaliwa. Sinia lilizunguka, likafika kwa shangazi. Alichukua kikombe, akakishika bila kunywa, maana hunywa wote pamoja. Sinia likaja benchi letu. Mama alilipokea, akalitazama, akanipa mimi bila kugusa kitu.

Shangazi aliona. Alinyanyuka na moyo wake mbovu, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka kwetu, akajibana kwenye benchi kando ya mama. Akanipokonya sinia, akaliweka mapajani mwa mama.

"Wifi," alimwambia, "wewe nani amekutenga?"

Kanisa zima lilikuwa limeshika vikombe, likimngojea.