Robo ya Boflo

Usiku wa kuamkia leo niliota niko foleni jikoni kwa mama, kwenye nyumba ya Ngamiani tuliyoihama zamani, na mbele yangu limesimama kabati la vyombo.

Sishangai. Mie ndotoni huwa sishangai, nashangaa nikiwa macho. Naliuliza kabati foleni hii ya nini. Linanijibu kwa adabu kuwa ni ya dawa, na kwamba kichwa kinaligonga tangu alfajiri kwa sababu watu wa nyumba hii hawajui kufunga mlango taratibu. Nalipa pole.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mama yangu alikuwa na sheria moja ya vidonge vya maumivu, na hakuna daktari aliyewahi kumtoa kwenye sheria hiyo. Mtu mzima viwili, mtoto kimoja, mdogo nusu. Alikikata kidonge kwa kisu cha muhogo juu ya kinu kilichopinduliwa, akakiponda kwa mgongo wa kijiko na kukikorogea kwenye chai ya maziwa. Ukimaliza kikombe unapewa kipande cha kashata. Natamani hata leo nipate homa ya namna ile, nilazwe mkekani, nisikie kisu kinagonga kinu.

Paka wetu Boflo, ambaye akijikunja alikuwa mkate wa boflo mtupu, alihesabiwa kitinda mimba wa nyumba. Alikuwa na fungu lake la dagaa, na mama akituombea dua alimtaja mwishoni, baada yangu. Basi siku alipochechemea, nikiwa na miaka tisa, hesabu ilijipanga yenyewe: mdogo nusu, paka robo. Nilikikata mie, mama akaniangalia na kunisifu kuwa mkono wangu umetulia. Kesho yake Boflo akafa. Tukakubaliana nyumba nzima kuwa ni Mzee Semboja wa nyumba ya pili, mfuga kuku, ndiye aliyemtegea sumu. Nikamnunia Mzee Semboja miaka thelathini na tisa, hata baada ya sisi kuhama.

Sasa nina Moshi, paka mweusi, amevuka umri wa kuruka mabati lakini yeye hajui. Tangu jana mchana anachechemea mguu wa nyuma. Kabla sijalala nilikata robo kwa uangalifu, nikaiweka kwenye kisosi mezani kando ya kitanda, nimpe asubuhi ndani ya dagaa.

Foleni inasogea. Anayegawa dawa ni Boflo. Amekaa juu ya kinu, amevaa miwani ya marehemu baba, wala hajabadilika hata unywele. Kabati linapimwa kimo, linapewa vidonge sita, linashukuru na kuondoka kwa kutambaa. Birika linapewa kimoja. Kijiko cha chai kinapewa thumuni, yaani nusu ya robo, kinanung'unika kuwa kinaonewa, na Boflo anakieleza kwamba hii ndiyo sheria ya mwenye nyumba, dawa kwa kimo, asiyetaka akaumwe kwingine.

Zamu yangu inafika.

"Umekuja kwa ajili ya nani?"

"Moshi. Paka wangu. Anaumwa mguu."

"Unampa ngapi?"

"Robo."

Boflo anavua miwani, anailamba vioo, anaivaa tena. "Na mie nilipewa robo."

"Najua. Nilikukatia mwenyewe, kwa uangalifu."

"Kwa uangalifu sana," anasema. "Twende nikuonyeshe ilipofikia."

Jiko linaisha. Tumo ndani ya ini lake. Ni chumba kimoja, kuta nyekundu, joto la wastani, na mlango ni huu mmoja tulioingilia. Katikati pametandikwa mkeka, na juu ya mkeka imekaa robo ya kidonge, imeshika tama. Napiga hodi ingawa nimeshaingia. Robo inanikaribisha na kuomba radhi kwamba haina kiti cha mgeni, maana kwa miaka thelathini na tisa haijapata mgeni.

Nauliza kwa nini haikuondoka.

"Kwa watu naingia kwa mlango wa mbele, natuliza maumivu, natoka kwa mlango wa nyuma," inasema. "Ndiyo kazi niliyofundishwa. Paka hakujengewa mlango wa nyuma."

"Si ungekaa tu kimya?"

"Nilikaa kimya. Nikikaa ndani nageuka sumu. Sikuwa na ubaya naye, lakini damu yake ilibadilika, fizi zikawa rangi ya kahawa, uso ukavimba, kisha pumzi ikamwisha."

Nakumbuka. Asubuhi ile uso wake ulikuwa umevimba kweli, nami nilicheka, nikamwita mama aje aone Boflo alivyonenepa kwa usiku mmoja. Mama naye akacheka. Tulikuwa tumesimama wawili hapo mlangoni tunamcheka.

Lakini mie ni mbishi, hata ndani ya ini la marehemu. Naiuliza robo je, ingekuwa thumuni? Au chembe tu, ya kuonja?

"Hata chembe nisingeiamini. Si kimo, bibi. Ni mlango."

Basi nakaa chini kwenye mkeka na kulia. Nalia kama nilivyolia siku tuliyomzika nyuma ya choo, kwa sauti, bila aibu, na robo ya kidonge inanisogezea upindo wa mkeka nifutie machozi. Namwambia Boflo kwamba nilikuwa nampenda kuliko kaka zangu wote.

"Najua. Baada ya dawa ulinipa na kashata."

"Uliila?"

"Niliilamba. Ilikuwa nzuri." Anajikuna sikio kwa mguu uleule uliokuwa ukiuma. "Mimi sina neno na wewe. Ila Mzee Semboja alikuwa akinitupia matumbo ya kuku kila Ijumaa, na wewe ukimpita humwamkii. Hilo nenda kalimalize."

Naahidi. Ukuta wa ini unageuka kamba ya nguo, na tumo uani Ngamiani, jua la saa nne, harufu ya sabuni ya mche. Mama anakuja kutoka bombani, amejifunga kanga yake ya zambarau, ileile ninayojifunika mpaka leo. Miaka kumi na moja tangu tumzike sijamwona. Nataka kumkumbatia lakini mikono yake imejaa povu, na mama hakuwa mtu wa kukumbatiwa akiwa na kazi.

"Kiko wapi?" ananiuliza.

Nafungua kiganja. Ile robo niliyoiacha kwenye kisosi imo humo. Namwambia, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, kuwa mie nilifuata sheria yake tu.

Mama anaitazama. "Watoto nilikuwa nawajua, Tunu. Paka sikumjua. Nilimpenda, nikadhani ndiyo kumjua."

Anafuta mikono, anaichukua robo na kuifunga kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo, kama alivyofunga kila kitu alichotaka kisifikiwe na mikono ya watoto. Ananiambia nimpeleke paka wa watu kwa daktari wa mifugo asubuhi hii hii, na nisiende na njaa. Kisha anarudi bombani. Boflo anamfuata, mkia juu, hachechemei.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kisosi. Kilikuwa kitupu.

Sijui nilifikaje sebuleni. Moshi alikuwa chini ya kochi. Nilimvuta, nikampanua mdomo, nikamtazama fizi: za waridi kama kawaida, zina afya, na akanikwaruza kuthibitisha. Dagaa zake hakuzigusa. Hata hivyo nilimpigia daktari wa mifugo, nikamwambia dawa ya watu imepotea ndani ya nyumba yenye paka. Akaniuliza kama anatoa mate au anahema kwa shida, nikamjibu hapana. Akasema nisimpe kitu chochote cha kabatini kwangu, si robo wala nusu ya robo, nimlete sasa hivi amwone mwili mzima pamoja na huo mguu.

Nikamtia Moshi kwenye kikapu, nikarudi chumbani kuchukua kanga ya mama nijitande. Nilipoikung'uta nikaona kwenye pindo moja pamefungwa fundo juu ya fundo. Mie fundo lile sijui kulifunga, mama hakuwahi kunifundisha, na utotoni nililishindwa kwa kucha kila mara. Nikalifungua kama nilivyokuwa nikilifungua zamani, kwa meno, na ulimi wangu ukapata uchungu wa dawa.