Mia Mbili Kutoka Mtoni

Siku ya tatu ya mvua mjini Lismore, Australia, Kirra hakumwamini tena Dougal, mwenzake ofisini, wala programu yake. Kila robo saa programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, iliiuliza seva ya kipimo cha mtoni maji yamefika wapi, na kila mara jibu lilirudi na namba 200, yaani mambo shwari.

"Mto umefura, wewe unaniambia shwari. Unanificha nini?"

"Dada, seva imejibu mia mbili. Ulitaka iape?"

"Hiyo ni bahasha. Barua yenyewe umeisoma?"

Dougal hakuwa ameisoma. Programu yake iliangalia namba tu. Akalifungua jibu la mwisho, na ndani mlikuwa na sentensi moja: "Kosa: kipimo hakipatikani tangu Jumatatu."

"Mjinga gani aliandika seva ya kubandika mia mbili juu ya kosa?" akafoka.

Kirra alikumbuka mwaka juzi, bosi alipochoshwa na taa nyekundu kwenye skrini, na yeye Kirra akaizima kwa mstari mmoja kwenye seva: kila jibu, hata la kosa, litoke na mia mbili.

"Wapigie waokoaji kwanza," alisema. "Mjinga tutamtafuta baadaye."