Mke Mdogo wa Matonya

Jumatatu asubuhi upepo wa Kongwa ulikuwa umeshamwaga vumbi kwenye madawati ya mwaka wa tatu, na wanafunzi walikuwa wakiyapangusa kwa mikono ya mashati yao. Mbele ya darasa walisimama walimu wawili. Chuo kilikuwa kimeamua kwamba Theolojia ya Vitendo ifundishwe kwa pamoja. Mchungaji Daktari Gerson Ndahani, mwalimu wa Mafundisho ya Imani, aeleze kanisa linaamini nini. Mchungaji Ruthu Masingisa, aliyelea makanisa ya vijijini kwa miaka mingi kabla ya kuitwa chuoni, aeleze mtu anafanya nini akishaamini hivyo. Sharti lilikuwa kwamba darasani asiamue mmoja pasipo mwenzake. Mada ya siku hiyo ilikuwa ibada ya mazishi.

Gerson alikuwa bado anafuta ubao mlango ulipofunguliwa, akaingia bibi aliyejifunga kanga, udongo mwekundu umemkaukia nywelani na mabegani. Wanafunzi wakasimama wakamwamkia. Bibi akaitikia marahaba, akatafuta nafasi kwenye benchi la mbele, akakaa.

"Karibu, bibi," Ruthu alisema. "Umetokea wapi?"

"Kaburini, mwanangu. Kule kwetu, upande wa Mlali. Mimi ni Angelina, mke mdogo wa Matonya. Nimefariki juzijuzi tu. Huyu hapa alikuwepo."

Alikuwa akimwonyesha Abeli, mwanafunzi aliyekuwa amerudi kutoka mazoezi ya uchungaji katika kijiji hicho. Abeli alisimama.

"Ni kweli, mwalimu. Wazee wa kanisa walisema mke wa pili hazikwi na kanisa. Wakaniambia nisiende. Nikabaki ndani mpaka watu waliporudi kutoka makaburini."

"Ukiwa humo ndani ulikuwa unafanya nini?" Ruthu akamuuliza.

"Nilikuwa nasoma."

Gerson aliweka kifutio chini. Alitaka kujua kama bibi alibatizwa, naye akasema alibatizwa akiwa mtoto. Akataka kujua kama alikuwa akishiriki meza ya Bwana.

"Tangu niolewe, hapana," Angelina alijibu. "Nilikuwa nafagia kanisa na kupika ugali wageni wa dayosisi wakija. Ikifika wakati wa meza, natoka nje na watoto wa wenzangu, ili mama zao washiriki kwa utulivu. Sikuja kwa ajili ya hayo. Nimekuja kuzikwa."

Ruthu alikuwa ameshafungua kitabu cha ibada. Alisema kwamba chumba kina wachungaji wawili na darasa zima la kuitikia, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri. Lakini Angelina akamzuia kwa mkono.

"Sala za huruma nimeombewa nyingi, mchungaji. Wanawake waliimba vizuri sana, sitawasema vibaya. Mimi nataka kengele ilie na mchungaji atangulie, kule kwetu, kanisa likiwa limekubali. Ya kujificha sitaki. Nimejificha vya kutosha nikiwa hai."

"Ni swali zuri mno," Gerson alisema, na alimaanisha hivyo. Akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, KANISA NA WALIO NJE YA MEZA. "Tutalipeleka kwenye kamati ya taaluma, na kamati italipeleka dayosisi."

Angelina akapewa kitanda kwenye bweni la wasichana. Hakula, ila saa ya chakula alikaa na wenzake mezani na kuwaambia mlenda wao umezidi magadi. Asubuhi alifika darasani kabla ya kengele ya chuo. Gerson, ambaye kila mwisho wa wiki alikwenda kwake Area D, Dodoma, alimletea kutoka mjini kiti chenye egemeo, maana benchi lilimsumbua mgongo. Alimwambia wakati wowote akichoka aseme. Hakuna aliyemwona Gerson kuwa mtu mbaya, hata Ruthu mwenyewe, ambaye hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Kamati ilikaa, ikaahirisha. Ikakaa tena, ikaona suala ni la dayosisi. Dayosisi ikasema suala ni la kanisa la mahali. Darasani nako kila kipindi kilikwenda vilevile. Ruthu angeuliza mchungaji afanye nini mbele ya mwili wa mwanamke huyu, leo, saa hii. Gerson angesema kabla ya hapo tujiulize ndoa ni nini. Wanafunzi waliandika yote mawili. Angelina alisikiliza, kidevu kwenye kiganja, mpaka kipindi kinakwisha.

Siku moja, kwenye chumba cha walimu, Ruthu aliweka kikombe chake chini kwa kishindo.

"Daktari, ukiulizwa wewe mwenyewe, huyu mama azikwe au asizikwe?"

"Mimi mwenyewe? Azikwe."

"Basi kasimame uliseme."

"Mimi mwenyewe si kanisa, Ruthu. Nikianza kusema ninavyoona, kesho kila mchungaji atasema anavyoona."

"Na mimi nisemeje? Nafundisha watu kuzika, marehemu amekaa mbele yangu ananitazama."

"Ndiyo maana tuko wawili," Gerson alisema kwa upole, akamwongezea chai.

Ruthu hakuinywa. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo akaomba gari. Mkuu akampa, mradi waende walimu wote wawili.

Walifika na Angelina kijijini kwake asubuhi, kiangazi kimeshika, nyasi zimeisha hadi chini ya miiba. Angelina alishuka wa kwanza. "Mbukwenyi," akawasalimu kwa Kigogo waliokuwa njiani, nao wakaitikia na kumuuliza habari za huko chuoni. Alisema si mbaya, watoto wanasoma, ila mlenda hawajui.

Makaburini walimkuta Cecilia, mke mkubwa wa Matonya. Alikuwa akipalilia magugu kwenye kaburi la mwenzake, kwa sababu Matonya mwenyewe alitangulia zamani na hakukuwa na mwingine wa kulipalilia. Wanawake hao wawili walishikana mikono, hawakuachiana haraka. Kisha wakaja wazee wa kanisa wakiongozwa na Mzee Bartolomayo. Wakasimama nje ya uzio wa minyaa.

Ruthu alivaa kanzu yake. Aliwaomba wazee wapige kengele.

"Mchungaji, wewe ni mgeni wetu, tunakuheshimu," Bartolomayo alisema. "Lakini tukimzika huyu, wenye wake wawili wote watasema tumewaruhusu. Tulikwishawatenga wengine, nao wakazikwa hivyohivyo, bila kanisa. Ndugu zao tutawaambia nini?"

Cecilia aliegemea jembe lake.

"Bartolomayo, aliyeolewa kwanza ni mimi. Kama kuna mtu aliyeonewa kwa ndoa ile, ni mimi. Huyu alipokuja nilikasirika, sikatai. Lakini nilipougua ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati. Tulitwanga kinu kimoja mpaka tukazeeka. Mimi mwenye mume nimeridhika. Sasa wewe unadai nini hapa?"

Bartolomayo alitazama chini. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyofundishwa, na mara nyingi alikuwa ameketi nyumbani kwa Angelina akila. "Mimi sidai kitu, dada," alisema. "Ni kanisa."

Ruthu akamgeukia Gerson. "Daktari. Neno moja tu. Wewe watakusikia."

Ni kweli wangemsikia. Nusu ya wachungaji wa mkoa mzima walikuwa wanafunzi wake. Gerson alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akatazama kaburi, macho yamemjaa machozi.

"Kanisa bado linalitafakari jambo hili," alisema.

Ruthu aliomba hata hivyo. Aliomba ibada nzima, na Cecilia akaitikia peke yake. Angelina alisimama pembeni ya kaburi lake kwa adabu mpaka amina ya mwisho. Halafu akapangusa kanga.

"Asante, mwanangu. Umejitahidi," alimwambia Ruthu, akatembea kuelekea kwenye gari.

Wakarudi chuoni.

Baada ya hapo Angelina akawa sehemu ya chuo. Ilipofika zamu ya wanafunzi kujizoeza ibada ya mazishi, alijitolea kulala juu ya meza. Walitangulia mbele yake kwa hatua za taratibu, wakasoma, wakanyunyiza mchanga. Aliwaambia wenye sauti ndogo wapaze. Wageni kutoka vyuo vingine walikuja kutazama, wakasifu namna imani na vitendo vilivyofundishwa bega kwa bega, na mmoja akasema hajawahi kuona darasa lililo hai namna ile. Gerson aliwashukuru kwa niaba ya wote wawili. Ruthu alitoka nje akasimama upeponi hadi walipoondoka.

Abeli alihitimu, akawekewa mikono, akapangiwa kijiji kilekile. Kabla ya kuondoka alipiga magoti mbele ya Angelina akamwomba radhi, naye akampa. Alimwahidi Ruthu kwamba atazungumza na wazee. Alizungumza nao. Wakamjibu kwamba wanasubiri dayosisi, naye, kwa kuwa alikuwa mgeni kazini, akasubiri pamoja nao.

Masika yaliyofuata Cecilia alifariki. Alikuwa mke wa ndoa na mshiriki wa meza, kwa hiyo kengele ililia tangu alfajiri. Abeli alitangulia mbele ya jeneza. Kwaya ziliimba, Bartolomayo akasoma somo, na hakuna lililopungua.

Jumatatu, Gerson akiwa ndiyo kwanza ameanza kuandika mada ubaoni, mlango ulifunguliwa. Cecilia aliingia akiwa na sanda safi na udongo mbichi begani. Wanafunzi wakasimama wakamwamkia.

Gerson alishusha chaki. "Mama, samahani. Wewe si ulizikwa?"

"Nimezikwa vizuri sana, baba. Sina malalamiko."

"Sasa tukusaidie nini?"

"Hamna," Cecilia alisema. "Nilipofika huko nikauliza mwenzangu yuko wapi, wakaniambia bado yuko shuleni. Nimekuja kukaa naye."

Gerson alimtazama Ruthu, maana darasani hakuna aliyeamua peke yake. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba pengine suala hili jipya lipelekwe kwenye kamati.

Ruthu aliwaambia wanafunzi wa benchi la mbele wasogee.